UZI: 2027 serikali itaundwa na nani na nani? Wacheni mikutano, angalieni siku chache baada ya kura

Mleta uzi, Nakuru

Wadau hamjambo. Kila mahali naona watu wanabishana nani ataungana na nani 2027 na karibu wote ushahidi wao ni picha, fulani alikaa karibu na fulani jukwaani, fulani hakumsalimia fulani matangani, basi mtu anaapa muungano umekufa. Mimi ni wa Kaptembwa hapa Nakuru na naomba tuongee pole pole kwa sababu kwetu haya si maneno ya kupitisha wakati.

Maoni yangu ni haya na nitayatetea. Kenya muungano wa kutafuta kura na muungano wa kutawala ni vitu viwili. Wa kwanza unajengwa kwa sababu katiba inataka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote na tena angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47, na hakuna jamii moja inafika huko peke yake. Wa pili unajengwa baada ya kura, na mara nyingi unajengwa na walioshindwa. Mshindi akishakaa anaangalia anakosa nini, kura bungeni ama utulivu barabarani, halafu anaenda kukitafuta kwa mwenye nacho. Kwa hivyo ukitaka kubashiri serikali usiulize nani ni rafiki ya nani, uliza mshindi atapungukiwa na nini na kiko mkononi mwa nani.

Tuanze mbali kidogo. 2002 Kibaki aliingia na Narc, ndani yake kulikuwa na NAK yake na LDP ya Raila, walikuwa na mkataba wa maelewano na nchi nzima iliimba. Kufika Juni 2004 mkataba umeshaleta ugomvi na Kibaki akaingiza kwa baraza la mawaziri watu wa KANU pamoja na Simeon Nyachae wa Ford People, huyo huyo aliyekuwa amesimama naye kwa debe 2002. Novemba 2005 alipopigwa kwa kura ya maamuzi ya katiba akavunja baraza lote na wale wa LDP wakaachwa nje. Yaani miaka mitatu tu, waliompigia kampeni wako nje na waliompinga wako ndani.

2007 ndiyo sitaki tupite haraka. Kibaki alitangazwa Desemba 30. Januari 8 2008, nchi inawaka, Kalonzo aliyekuwa namba tatu akatangazwa Makamu wa Rais. Watu walishangaa lakini hesabu ilikuwa wazi, PNU ya Kibaki ilikuwa na wabunge 43 na ODM ya Raila 99, huwezi kutawala hivyo, lazima utafute. Halafu mwisho wa Januari moto ukafika Nakuru. Kinyozi wetu hapa, mtu aliyenyoa watoto wa mtaa wote bila kuuliza wa nani, alipakia viti viwili na kioo kwenye mkokoteni akaenda Showground kwa hema. Kioo alikifunga na blanketi ya mtoto. Hakurudi kufungua hicho kinyozi tena. Februari 28 Kibaki na Raila wakatia saini pale Harambee House mbele ya Kofi Annan na Kikwete, mwezi mmoja tu tangu watu wakimbie hapa, na Aprili 17 Raila akaapishwa Waziri Mkuu wakati bado kuna familia ziko kwa mahema. Tume ya Waki ilihesabu waliokufa zaidi ya 1,100.

Hiyo ndiyo sababu nafungua huu uzi mapema. Kama mtu wa kawaida angejua kusoma dalili, angejua hawa wakubwa watakaa meza moja, na hangemwangalia jirani kama adui hata siku moja.

Na tena hapa hapa Nakuru, uwanja wa Afraha, Desemba 2 2012 Uhuru na Ruto walisimama pamoja kutangaza muungano wao wa Jubilee, na 2007 walikuwa pande mbili. Mimi nilikuwa kwa uwanja. Watu walilia wakikumbatiana, na hawakuwa wanaigiza. Lakini kinyozi hakuwa hapo.

Mdau wa Kondele

Omera umeandika vizuri na hiyo ya kinyozi imeniuma, poleni sana. Sisi pia hapa Kisumu tulizika vijana mwaka huo na tena 2017.

Swali langu. Hiyo sheria yako ya kwamba walioshindwa lazima waingie, mbona 2013 haikufanya kazi? Cord, muungano wa Raila, ilikuwa ODM, Wiper na Ford Kenya na tulikaa nje miaka mitano mizima, hakuna mtu alituita hata chai. Halafu jambo lingine, 2024 ndiyo ilinichanganya kabisa. Julai 24 majina yakisomwa, Mbadi Hazina, Wandayi Kawi, Joho Madini, Oparanya Vyama vya Ushirika, tulikuwa steji ya boda hapa Kondele simu moja imewekwa juu ya tangi ya pikipiki watu kama kumi tumeinama, kila jina likitajwa hakuna anayeshangilia wala anayezomea, halafu kijana mmoja akauliza sasa sisi ni serikali ama sisi ni upinzani. Hakuna aliyemjibu. Mwezi mmoja kabla ya hapo vijana walikuwa wamepigwa risasi. Mimi nataka mtu aniambie hiyo ilibashirika vipi.

Mleta uzi, Nakuru

Ndugu yangu wa Kondele asante, na poleni nyinyi pia, na pole tena kwa kuondokewa na Baba, yaani Raila.

2013 inakubaliana na ninachosema. Uhuru alipita kwa 50.07, pembamba sana, lakini bungeni Jubilee na marafiki wake wadogo walikuwa na kura za kupitisha kila kitu, na Cord ilienda Mahakama ya Juu ikashindwa na ikakubali, barabara zikatulia. Hakuna alichokosa, kwa hivyo hakuna aliyeitwa. Angalia 2017 sasa. Jubilee ilikuwa na wabunge tele lakini uchaguzi ulifutwa Septemba 1, ukarudiwa Oktoba 26 bila Raila, na Januari 30 2018 Raila akaapishwa Uhuru Park kama rais wa wananchi. Bunge lipo, utulivu haupo. Machi 9 Uhuru na Raila wakapeana mkono, ile handisheki. Mwenye utulivu mkononi alikuwa mtu mmoja na akaitwa.

2024 ni hiyo hiyo. Juni 25 watu wameingia bungeni, Julai 11 Ruto amevunja baraza la mawaziri, alikosa nini? Barabara. Lakini hapa kuna kitu lazima tuseme ukweli, barabara za 2024 hazikuwa za ODM, zilikuwa za vijana ambao hawana chama. Aliita ODM kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuita, vijana walisema hawana kiongozi. Ndiyo maana steji yenu ilinyamaza. Machi 7 2025 KICC wakatia saini ule mkataba wa vipengele 10 na ikawa rasmi, lakini yule kijana wa swali hakuwa amejibiwa na hajajibiwa hadi leo.

Mwalimu wa Kakamega

Kaka mleta uzi nimesoma yote. Unazungumza kama mikataba ni karatasi tu, na sisi wa Magharibi ndio tunajua mikataba zaidi ya mtu yeyote kwa hivyo niruhusu niongee.

Desemba 2012, siku mbili tu baada ya hiyo sherehe yenu ya Afraha, Mudavadi alijiunga na Jubilee na kukawa na makubaliano yametiwa saini kwamba Uhuru atamwachia tiketi. Muda haukupita Uhuru akasema ni nguvu za giza zilimfanya atie saini. Mudavadi akaenda na muungano wake wa Amani akawa wa tatu. Huo ndio ulikuwa mkataba wa kwanza kutufundisha.

Sasa 2022. Januari Mudavadi akaita mkutano aliouita tetemeko pale Bomas, akaenda na Ruto, Wetang'ula pia. Mkataba wao wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, ulisema ANC ya Mudavadi na Ford Kenya ya Wetang'ula watapata asilimia 30 ya serikali wakileta asilimia 70 ya kura za Magharibi. Kura zikahesabiwa, Ruto akachukua Bungoma peke yake, Kakamega na Vihiga na Busia zote zikaenda kwa Raila. Sharti halikutimia. Na bado Mudavadi akawa Mkuu wa Mawaziri na Wetang'ula akawa Spika. Kwa nini? Kwa sababu Ruto alipita na 50.49 na Raila 48.85, tofauti ya kura kama 233,000 nchi nzima, na hizo za Bungoma zikawa dhahabu. Mimi hapo nakubaliana na wewe, aliangalia anachokosa. Ila mkataba ulikuwa umeshataja viti kwa majina, na kama haungekuwa umetaja sidhani tungepata viwili. Msiwaambie watu wetu mikataba haina maana, waambieni waandike majina ya viti.

Na sasa ANC yenyewe haipo, Januari 2025 ilivunjwa ikaingia UDA, chama cha Ruto. Watu walipigia kura chama na chama kimeyeyuka kabla ya miaka mitatu. Hilo linaniumiza zaidi ya nani alipata kiti gani, kwa sababu 2027 mtoto wangu atapiga kura mara ya kwanza na ananiuliza chama chetu ni kipi, na sina jibu la kumpa.

Mdau wa Bungoma

Mulembe wakuu. Mwalimu umesema kweli tupu, mimi naongeza hapa pa Spika kwa sababu ndipo penye siri yote na watu hawapaangalii.

Kura ya Spika ni ya siri na ndiyo kura ya kwanza bunge jipya linapiga, kwa hivyo inakuonyesha serikali halisi kabla hata mawaziri hawajatajwa. Januari 15 2008 ODM walimpeleka Kenneth Marende wa Emuhaya dhidi ya Kaparo aliyekuwa Spika, Marende akashinda 105 kwa 101. Siku hiyo kila mtu mwenye akili alijua Kibaki hawezi kutawala peke yake, kabla Annan hajafika nchini. Septemba 8 2022 Marende huyo huyo akapelekwa tena, na Azimio, muungano wa Raila, safari hii, dhidi ya Wetang'ula. Wetang'ula 215, Marende 130. Na Azimio ndiyo ilitoka kwa kura ikidai ina wabunge wengi! Kati ya kutangazwa Agosti 15 na hiyo Septemba 8, wabunge wa UDM na wengine wadogo waliokuwa ndani ya Azimio walikuwa washahama. Oktoba Spika mwenyewe akatoa uamuzi kwamba Kenya Kwanza ndiyo wengi, 179 kwa 157. Februari 2025 Mahakama Kuu ikasema ule uamuzi ulivunja katiba, lakini miaka miwili na zaidi ilikuwa imeshapita, sheria zilishapitishwa, kamati zilishagawanywa.

Kwa hivyo nani huhama kwanza? Mimi naona ni chama kidogo chenye gavana ama wabunge wachache kutoka eneo ambalo barabara na maji yanategemea serikali kuu. Chama kikubwa kina ruzuku na kina jina, kinaweza kuvumilia nje. Kidogo hakiwezi, wiki mbili ni nyingi.

Mdau wa Kondele

Hapo kwa Spika umenifungua macho mkubwa wangu wa Bungoma, sikuwa nimewahi kuunganisha Marende wa 2008 na wa 2022.

Lakini si katika nchi zingine vyama huungana kwa sababu ya sera? Nina binamu yangu Johannesburg, 2024 wote kwa mtaa wao walikuwa wanasema ANC ya huko, si ile ya Mudavadi, itarudiana na EFF kwa sababu ni damu moja.

Mleta uzi, Nakuru

Hata huko hesabu ndiyo ilisema. Bunge lao ni viti 400 na unahitaji 201. ANC ilipata 159, EFF 39, jumla 198, walipungukiwa na tatu tu. DA, chama cha upinzani, ilikuwa na 87, ukijumlisha unafika 246 umekaa vizuri. Na katiba yao inataka bunge jipya likutane ndani ya siku 14 baada ya matokeo na lichague rais, hakuna nafasi ya kubembelezana miezi. Uchaguzi Mei 29, Juni 14 Ramaphosa amechaguliwa na kura za DA ambao walikuwa wapinzani wake miaka yote. Watu wa damu moja wakabaki nje.

Sisi tofauti yetu ni moja kubwa. Kwao rais anachaguliwa na wabunge kwa hivyo mkataba unakuja kabla ya rais. Kwetu rais anachaguliwa na sisi moja kwa moja, anaingia Ikulu kwanza halafu ndiyo anatafuta wabunge akiwa na kila kitu mkononi cha kuwavutia. Ndiyo maana huku wanahama wao kwenda kwake, yeye haendi kwao.

Na vya kugawa vimepungua. Serikali ya nusu mkate ya Kibaki na Raila ya 2008 ilikuwa na mawaziri 40. Katiba ya 2010 imesema mawaziri wasizidi 22 na wasiwe wabunge. Kwa hivyo ukiona chama kinajadiliana usitegemee kusikia wizara peke yake, sikiliza kiti cha spika, wenyeviti wa kamati za bunge, makatibu wa wizara, mashirika ya umma, mabalozi. Mkitaka mfano someni Mei 2020, Jubilee ilitia saini mkataba wa baada ya uchaguzi na KANU, na siku si nyingi Murkomen wa Jubilee akaondolewa kuwa kiongozi wa wengi Seneti na Poghisio wa KANU akakaa hapo. Chama kidogo kabisa kikachukua kiti cha chama tawala. Hakuna mkutano wa hadhara uliofanywa.

Sasa nije kwa 2027 maana ndiyo kichwa cha uzi. Kura ni Agosti 10. Sheria inataka vyama vinavyotaka kuwa chama kimoja cha muungano viwe vimepeleka mkataba kwa Msajili wa Vyama miezi minne kabla, yaani hadi Aprili 2027 tutaona karatasi za kwanza. Utabiri wangu:

Upande wa serikali UDA itataka mkataba na ODM kabla ya hiyo Aprili, na ODM bila Baba haitaenda nzima. Kuna wanaotaka kubaki ndani na kuna wanaotaka kutoka na hizo pande mbili zimeshaonekana hadharani. Nyanza wabunge wengi watachaguliwa kwa tiketi ya ODM kama kawaida, na baada ya kura wataenda na yeyote aliye Ikulu, awe Ruto awe mwingine. Hiyo ndiyo naona imebadilika. Zamani mtu mmoja ndiye alikuwa anashika kamba yote, sasa hakuna, kwa hivyo mshindi hatahitaji handisheki na mmoja, atanunua, samahani niseme atazungumza, na mmoja mmoja.

Upande wa upinzani Kalonzo na Wiper, Gachagua na DCP, Wamalwa na Natembeya wa DAP-K, Karua, Jubilee. Mkataba wao utakuwa mgumu kabla ya kura kwa sababu kiti cha juu ni kimoja. Wakishinda watakuwa na rais lakini bungeni watapungukiwa, kwa sababu UDA na ODM zitakuwa bado na wabunge. Kwa hivyo hata wao wataita watu wa serikali ya leo ndani ya mwezi mmoja. Naandika hii wazi ili mtu anirudishie 2027. Wakishindwa, wa kwanza kuhama hawatoki Ukambani wala Mlimani, watatoka Magharibi, kwa sababu hizo Mwalimu ametaja na hizo mdau wa Bungoma ametaja.

Mwalimu wa Kakamega

Kaka hiyo ya mwisho inauma lakini siwezi kuipinga. Viwanda vyetu vya sukari ndivyo vinatufunga, Nzoia imekodishwa kwa mwekezaji miaka 30 tangu 2025 pamoja na Chemelil na Muhoroni na Sony, Mumias tunajua ilivyo. Mkulima hawezi kukaa miaka mitano bila mtu wake mezani. Mbunge akihama anasema nimefuata maendeleo na ukimuuliza ni maendeleo gani anataja barabara moja.

Nauliza kitu hujagusa. Je hakuna mtu akifikisha nusu?

Mdau wa Kondele

Mwalimu hilo ndilo swali. Tukiwa na wagombea watatu wakubwa tunaenda raundi ya pili na hiyo hatujawahi kuiona.

Mleta uzi, Nakuru

Ni kweli, kwa urais hatujawahi tangu katiba mpya. Katiba inasema wawili wa juu warudi kwa debe ndani ya siku 30. Hapo sasa ndipo miungano ya kweli itajengwa mchana watu wakiona, kwa sababu wa tatu atakuwa na kura mkononi na siku chache za kuamua. Sheria ya vyama inaruhusu mkataba wa baada ya uchaguzi na inataka upelekwe kwa Msajili ndani ya siku 21 baada ya kutiwa saini, kwa hivyo mwananchi yuko na haki ya kuuliza karatasi iko wapi. Na wakati huo huo bunge jipya lazima likae kikao cha kwanza ndani ya siku 30 baada ya uchaguzi na Spika achaguliwe. Yaani raundi ya pili ya rais na kura ya Spika zinaweza kugongana kwa wiki moja. Yule wa tatu atauliza vyote viwili kwa pamoja, nipe Spika ndiyo nikupe kura.

Hizo siku 30 ndizo zinanitia wasiwasi kwa Nakuru. Mwezi mzima wa kusubiri, na kila kiongozi wa mtaa anajua upande upi ulipiga nini kituo gani. Mimi na wazee wa mtaa hapa Kaptembwa na Rhonda tumeshaanza kuongea na wenye nyumba za kupangisha, mtu asiambiwe ahame kwa sababu ya jina, na wenye maduka wasifunge mkopo wa unga kwa jirani wa upande mwingine kipindi hicho. Mdau wa Kondele, mkiwa na kikundi kama hicho huko tuunganishwe, na Mwalimu pia.

Mdau wa Kondele

Tuko nacho, cha steji tatu, wenyeviti wanajuana. Nitawauliza leo jioni. Na yule kijana wa lile swali ndiye karani wetu sasa, nitamtumia huu uzi wote asome.

Mdau wa Bungoma

Mniweke pia. Kimilili na Webuye tuna wazee wa kutosha, ila tuanze kabla ya hiyo Aprili ya mikataba, baada ya hapo kila mzee atakuwa ameshaitwa mkutano wa mtu fulani.